Pete ya Shaba na Macho ya Damas

Odile, binti yangu,

Wewe uko sokoni na mama yako mnanunua vitu vya safari, na mimi nimekaa studio, mlango nimeufunga nusu, jua la asubuhi limeingia mpaka juu ya meza. Salamu tuziruke, maana jioni tutakula pamoja. Nakuandikia kwa sababu unanijua. Mbele ya wateja nina maneno ya kujaza ndoo, lakini nyumbani ukiniuliza jambo la maana nakutuma maji.

Mambo ya kula, kulala, kufua, kanisa na watu wa kuepuka, mama yako ameshakuambia na ataendelea kukuambia mpaka basi liondoke. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo moja tu, nalo ni la ile lenzi ya Kirusi uliyoifunga ndani ya soksi yangu na kuiweka katikati ya nguo zako.

Kesho unaenda Kolwezi kujifunza ufundi wa kamera kwa Damas. Umekua ukisikia jina hilo kwa namna moja tu: Damas, mwenzake papa wa zamani, yule mwenye macho mabovu aliyeharibu picha za harusi. Mimi ndiye niliyekusimulia hivyo. Ulikuwa mdogo, unakaa juu ya meza hii ukining'iniza miguu, nami nasimulia nikicheka, nawe unacheka kwa sababu mimi nacheka. Halafu ukawa mkubwa, ukaenda chuo kikuu, Kasapa, kusoma fizikia, na siku moja ukaitoa lenzi ile kwenye droo, ukaigeuza mkononi, ukaniuliza swali ambalo watu wazima wote wa nyumba hii hawakuwahi kuniuliza.

"Papa, kama ni macho ya Papa Damas njo ilikuwa mubaya, juu ya nini weye haukutumikisha tena hii objectif?"

Nilikutuma maji. Ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa, uliziona, ukaenda tu. Leo nakujibu.

Lenzi ile ililetwa na mhandisi mmoja wa kwetu Mitwaba, aliyesoma Urusi akarudi na koti zito lisilo na kazi hapa Lubumbashi na kamera iliyoharibika njiani. Lenzi yenyewe ilikuwa nzima. Alitupatia sisi wawili, mimi na Damas, ili tumpigie picha za ubatizo wa watoto wake. Studio hii ilikuwa yetu wote. Mimi nazungumza na watu, napanga viti, nawachekesha watoto, Damas anapiga. Nikuambie wazi jambo ambalo sijawahi kulisema: alinizidi. Alimtazama mtu kidogo, akasogea hatua moja, akabonyeza, na picha ikatoka mtu yule alivyo.

Kamera ilikuwa hii hii ya Kijapani unayokwenda nayo, ya telemeta. Unaijua kuliko mimi sasa, lakini niache nieleze kwa namna yangu. Unatazama kwenye kidirisha, unaona sura mbili za mtu mmoja, unazungusha lenzi mpaka sura zile mbili ziwe moja, unabonyeza. Ni nyepesi, haipigi kelele, haimtishi mtu. Shida yake ni kwamba hutazami kupitia lenzi yenyewe. Kidirisha kinaweza kukuambia kila kitu kiko sawa, kumbe lenzi imefanya yake, nawe hutajua mpaka filamu isafishwe.

Miezi ile ya kwanza lenzi ya mhandisi ilitupatia jina. Macho ya mtu yalitoka wazi na kila kitu nyuma yake kikalainika, hata ukuta mchafu ukapendeza. Watu walitoka Ruashi na Katuba wakitaka kupigwa na "ile ya Barusi". Nilivimba kichwa, na jina lilikuwa la Damas zaidi kuliko langu. Hilo nalo lilinikera, nisikufiche.

Kisha Damas akaenda Likasi kwenye msiba wa shangazi yake. Mimi nikaona vumbi ndani ya kioo. Vumbi dogo, Odile, la aina ile uliyonionyesha wewe mwenyewe kwa tochi ukasema haliharibu picha hata kidogo. Lakini nilitaka akirudi akute na mimi ni fundi. Nilitandaza shuka juu ya meza, nikafungua lenzi, nikafuta nilichofuta, nikafunga. Juu ya shuka ikabaki pete moja ya chuma, nyembamba kama ukucha. Nikaigeuza, nikaitazama, nikasema Warusi hawa wanapenda kuweka vitu vya ziada. Nikakung'uta shuka nje.

Damas aliporudi sikumwambia.

Wiki ile kazi zote zilikuwa za nje, kwenye jua kali, tundu la mwanga tumelibana, na lenzi ikibanwa hivyo inasamehe mengi. Picha zilitoka vizuri. Jumamosi ikaja harusi ya binti wa mkubwa mmoja wa reli. Ndani ya kanisa mwanga ulikuwa hafifu, Damas akafungua tundu lote, akasogea karibu kama kawaida yake, akapiga filamu tatu. Tulipozisafisha, hereni za bibi harusi ungeweza kuhesabu shanga zake moja moja. Masikio yake yalikuwa makali kabisa. Macho yalikuwa ukungu, picha baada ya picha, filamu zote tatu.

Baba wa bibi harusi alikuja hapa na ndugu zake. Majirani wakajaa mlangoni, unajua watu wetu wanavyosikia haraka. Damas alikuwa amesimama pale penye pazia. Alisema polepole, bila kupandisha sauti:

"Miye nilisawazisha ku macho. Kila picha nilisawazisha ku macho."

Kazi ya ile pete sikuijua, ningeweza kuapa mbele ya padri. Lakini kwamba nilikuwa nimeifungua lenzi, hilo nililijua. Nikamnyooshea mwenzangu kidole mbele ya watu wote wale, nikasema:

"Mumusamehe, bakubwa. Macho yake iko mubaya. Hata miye nilimuambia avale lunettes."

Sikuwahi kumwambia avae miwani. Nililitunga palepale, kwa wepesi ambao mpaka leo unanitia aibu.

Mpiga picha akisemwa kwamba haoni, nani atamkabidhi ubatizo wake? Walianza kumkwepa. Wengine walikuja wakauliza kwanza atakayepiga ni nani, na yeye yumo ndani anasikia. Alivumilia wiki kadhaa, kisha asubuhi moja akafunga bisibisi zake kwenye kitambaa, akavaa shati lake zuri. Nilidhani angenitukana, nilikuwa nimejiandaa kabisa kumjibu.

"Ubakie muzuri, Célestin," alisema, akaenda.

Siku chache baadaye nilimkalisha mama yako pale dirishani, nikafungua tundu lote, nikasawazisha kwenye macho yake kwa macho yangu haya ambayo hakuna aliyewahi kuyasema vibaya. Nikasafisha filamu peke yangu. Nikapata masikio ya mama yako. Hapo nilijua yote, Odile. Negativu ile niliichoma, lenzi nikaitia kwenye soksi, soksi nikaitia kwenye droo. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Kolwezi si mbali. Ningeweza kwenda hata wiki ile. Nilijiambia nitakwenda mambo yakipoa, na yalipopoa nikajiambia ya nini kuyachemsha tena. Kila mwaka hadithi ile ilizidi kuwa rahisi kuisimulia na ngumu kuifuta. Nikaanza kuitia vichekesho. Nikakulea wewe ndani yake, na hilo linaniuma kuliko mengine yote.

Sasa niache niandike ya kufurahisha, maana barua hii sikukaa niiandike ili nilie. Nataka nikuandikie jinsi nilivyokuona mwezi uliopita, kwa sababu wewe ulikuwa umeinama kwenye kazi na hukujiona.

Nilikucheka siku nne nzima. Nilikuambia filamu imekufa, simu imeiua, na lenzi hiyo ni chuma chakavu cha Warusi. Hukubishana. Uliiweka lenzi mbele ya tochi, ukaitazama kwa nyuma, ukaitazama kwa pembeni, ukitafuta kuvu na mikwaruzo. Ulizungusha ile pete ya nje ya kupimia umbali, nzito kwa grisi iliyokauka, ukasikiliza kama kuna kinachokwaruza. Ulifungua na kufunga tundu la mwanga ukihesabu vibapa vyake kwa midomo, kama mama yako na rozari. Ukaona kiputo kimoja ndani ya kioo, nami nikapata cha kusema.

"Unaona? Kioo yenyewe iko na hewa ndani."

"Ile haina kintu, papa. Inaonesha tu kioo balipika kwa moto ya kweli."

Halafu ukapanga viberiti saba juu ya meza, mshazari, kila kimoja nyuma kidogo ya mwenzake, ukaviandika namba kuanzia cha mbele. Ukaweka kamera juu ya miguu yake mitatu, ukafungua tundu lote, ukasawazisha kwenye kiberiti cha nne. Ulitumia filamu zangu zilizopita muda, zile nilizosema hazifai hata kufungia karanga. Ukaandika kila picha kwenye daftari. Mimi huku nimejifanya nasoma gazeti, na gazeti lenyewe nimelishika hivyo hivyo bila kugeuza ukurasa.

Negativu ilipotoka, kiberiti cha sita kilikuwa kikali mpaka njiti zinaonekana. Cha nne kilikuwa ukungu. Ukapiga tena, ukapata cha sita. Ukapiga mara ya tatu, cha sita. Mtu mwingine angesema lenzi mbovu akaitupa. Mimi ndivyo nilivyofanya, tena kwa mtu. Wewe ulisema neno ambalo sikulitegemea.

"Papa, hii objectif haiko mubaya. Inakosa kila mara pa fasi moja. Kitu ya mubaya inakosa ovyo ovyo."

Ukaifungua. Nilitaka kukukataza, nikainua gazeti juu zaidi. Ukakuta alama ya duara ndani, mahali palipong'aa kuliko pengine, ukapagusa kwa kidole. Ukasema hapa palikuwa na pete, mtu aliitoa. Hukunitazama ulipokuwa unasema hivyo. Sijui kama ulinihurumia au hukujua. Nadhani ulijua.

Basi ukaenda kwa wale mafundi wanaogonga picha za shaba, ukarudi na kipande cha mabaki. Watu wote wa nchi hii wanachimba shaba, wanaipakia, wanaipeleka mbali, na binti yangu akaomba kipande cha kutosha kiganja chake. Ulikikata kwa mkasi wa mama yako, na yeye mpaka leo anaulalamikia kwa hasira ule mkasi uliomeguka. Pete ya kwanza ilikuwa nene mno, ukapata kiberiti cha tatu. Ya pili ilipasuka. Ya tatu uliisugua juu ya kioo cha dirisha kwa msasa mlaini, unasugua, unaipima, unasugua, mpaka vidole vyako vikawa vyekundu. Ulipoitia ndani na kufunga, nilikuwa nimesimama nyuma yako na nimesahau kujifanya nasoma.

Hukupiga viberiti tena. Ulimwita mama yako, ukamkalisha dirishani. Yeye hakujua kwa nini nilitoka nje. Nilikwenda kusimama barabarani na kuwasalimu watu nisiowajua, nikingoja filamu isafishwe. Kisha nikasikia sauti yako, si kelele, sauti tu.

"Papa, kuya uone."

Negativu ilikuwa bado inadondosha maji. Niliiinua kwenye mwanga. Kope, Odile. Kope za mama yako moja moja, na kile kikunjo kidogo kilicho chini ya jicho la kushoto ninachokipenda tangu ujana wake, na ndani ya mboni dirisha zima na fremu zake. Masikio yalikuwa yamelainika nyuma huko, mahali pake masikio. Nilicheka kwa nguvu mpaka jirani akachungulia. Nilikushika mabega nikakuzungusha, mtu mzima mwenye goti bovu. Mama yako aliposikia tu kwamba umefaulu, hakuuliza umefaulu nini. Alichukua kopo la poda akakumwagia kichwani, kama tulivyokumwagia ulipofaulu mtihani wa serikali. Mimi napiga kelele funikeni lenzi, funikeni lenzi, na yeye anamwaga. Ulikuwa mweupe mpaka shingoni, umeikumbatia lenzi tumboni. Siku zangu zote za kazi sijapata siku kama ile.

Kisha ukaenda nayo Kasapa kwenye siku ya kutoa digrii, na wanafunzi wenye simu za bei kubwa wakapanga mstari mbele ya kamera ya mwaka nisioujua. Nikasikia mwenyewe mzazi mmoja akisema kwamba mtoto huyu ana jicho. Nilikaa kwenye nyasi nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Nililia kidogo, ndiyo, na ilikuwa raha.

Ulipouliza mafundi wa kamera wa mjini ni nani anayeweza kukufundisha zaidi, wote walikutajia mtu mmoja, mzee wa Kolwezi anayetengeneza kamera na darubini za hospitali, zile za kutazamia damu. Ukaja ukaniambia jina. Miaka yote hii, mtu niliyemtangaza kwamba haoni amekuwa akiwatengenezea madaktari vitu vya kuonea. Wewe ukamtumia picha za pete yako, za viberiti na za mama yako. Jibu lake ulinisikilizisha kwenye simu, nikalisikiliza mara mbili nikisingizia kwamba sikusikia vizuri. Sauti imezeeka, lakini upole ni ule ule.

"Ni weye mutoto ulikata hii pete na mukono? Ukuye. Mwambie papa yako, Célestin, nasema ukuye."

Kwa hiyo anajua wewe ni wa nani. Hakukuambia neno lingine juu yangu, ungenieleza. Na ameipokea pete ya shaba bila kuuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Fundi kama yeye hawezi kukosa kujua, akiona pete mpya, kwamba ya zamani iliondolewa na mkono wa mtu. Pengine amejua tangu zamani. Mimi nimekaa na hofu ya kugunduliwa na mtu ambaye labda aliamua tu kunyamaza.

Hapa ndipo nilipokwama asubuhi. Niliandika barua ya pili, ya Damas, ya kumwomba msamaha, ili uibebe wewe. Nilipoisoma nikaona ni nzuri, imepangwa vizuri, na nikajua ni uoga wangu ule ule umevaa suti. Zamani nilimtanguliza Damas apokee hasira za watu. Sasa nataka kumtanguliza binti yangu apokee macho ya Damas. Nimeichana.

Usiogope kwenda kwake. Mtu aliyesema nilisawazisha kwenye macho, akasimama pale, akaondoka bila kutukana, atakufundisha mambo ambayo mimi sikuwa nayo nikupe. Umsikilize akinyamaza pia. Na akikuonyesha lenzi yoyote na kusema imeharibika, fanya kama ulivyofanya hapa: muulize inakosa wapi, na kama inakosa hapo kila mara.

Nimekwenda mchana huu kwa watu wa basi, nikanunua tiketi ya kiti cha kando yako. Mama yako anajua, yeye ndiye aliyenipigia pasi shati. Barua hii sitakupa leo. Nitakupa kesho, tukishatoka mjini, na wakati unasoma mstari huu mimi nimekaa kiti cha kando yako, nimegeuza uso dirishani, najifanya natazama njia. Usiniambie kitu mpaka tupite Likasi. Nikifika huko nikatafuta sababu ya kushuka kununua mahindi, nishike mkono wa shati usiuachie.

Tukifika, utashuka wewe kwanza umsalimu. Halafu usiende kuweka mizigo, usikae pembeni kwa heshima. Simama pale pale, na kama kuna majirani mlangoni, waache wakaribie. Nilimtukana mbele ya watu. Nitamwambia mbele ya watu, kwa sauti ya mtu wa studio: Damas, macho yako ilikuwa muzima. Ile objectif ni miye nilifungula.

Papa yako,
Célestin